Umemaliza Chuo na Unataka Kazi Yenye Faida kwa Watu: Mwongozo wa Miaka Mitano ya Kwanza

Msimu wa mahafali ukipita, simu yangu hujaa ujumbe unaofanana: "Shikamoo dada, nimemaliza chuo mwaka huu. Natafuta kazi kwenye NGO kwa sababu napenda kusaidia jamii." Huwa naitikia marahaba, kisha nauliza: unataka kusaidia watu gani, kwenye jambo gani? Wengi hukaa kimya siku mbili tatu kabla ya kujibu. Si uvivu. Miaka yote waliyokaa chuoni hakuna aliyewahi kuwauliza.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili yao. Nauandika kwa macho ya Tanzania, maana ndiko ninakofanya kazi, lakini aliyeko Kisumu au Bujumbura atabadilisha majina ya ofisi na mengi yaliyobaki yatamfaa. Ninachotaka kukishawishi kichwa chako ni hiki: chagua tatizo, kisha uwe mtu anayejua kufanya kitu fulani vizuri ndani ya tatizo hilo. NGO ni aina ya mwajiri. Waajiri huja na kuondoka.

Mwaka 2025 ulitufundisha jambo hilo kwa uchungu. Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mosi USAID ikafungwa rasmi. Miradi ya UKIMWI, kifua kikuu na lishe ilikatika katikati, na watu waliokuwa na vitambulisho vya mradi shingoni wakajikuta nyumbani ndani ya wiki chache. Niliowaona wakipata pa kwenda upesi ni wale ambao sehemu nyingine yoyote ingewahitaji: mfamasia, mhasibu anayejua kufunga hesabu, mtaalamu wa takwimu, muuguzi. Aliyekuwa na cheo kirefu cha "afisa mradi" bila ujuzi unaoshikika alihangaika zaidi, hata kama moyo wake ulikuwa safi kuliko wa wote.

Hatua ya kwanza: chagua tatizo kabla ya mwajiri

Tatizo linalostahili miaka yako lina sifa tatu. Linaumiza watu wengi, au linaumiza wachache vibaya sana. Kuna njia inayojulikana ya kulipunguza, au angalau kuna watu wanaoitafuta kwa bidii. Na walioko ndani yake hawatoshi. Sifa ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa hiyo vijana hujazana kwenye mambo yanayosikika sana redioni na kuyaacha mengine matupu.

Chukua udumavu wa watoto, yaani mtoto kubaki mfupi kuliko umri wake kwa sababu ya lishe duni. Ukiulizwa mikoa gani ina watoto wengi waliodumaa, pengine utataja mikoa ya ukame. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2022 ulionyesha kwamba kitaifa watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa walikuwa karibu 57 kati ya 100. Njombe na Rukwa, karibu nusu ya watoto. Hii ni mikoa inayolisha nchi mahindi. Maghala yamejaa na mtoto amedumaa.

Takwimu hiyo peke yake inabadilisha kazi unayopaswa kuitafuta. Mhitimu wa kilimo anayesema "nataka kuongeza mavuno ya mahindi Iringa ili watoto washibe" anakwenda kuongeza kile ambacho tayari kipo. Tatizo liko kwenye sahani na kwenye saa za mama. Ugali unarudi kila siku, maharage na mayai yanauzwa ili kupata ada ya shule, mama yuko shambani tangu alfajiri, na mtoto wa miezi minane analishwa uji mwepesi na dada yake wa miaka saba. Ongeza kuhara kwa maji yasiyo salama na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye mahindi yaliyowekwa ghalani yakiwa na unyevu. Ukishayaona hayo, unagundua kwamba aliyesomea sayansi ya chakula, mhandisi wa maji, mwanasheria wa haki za ardhi za wanawake na mtangazaji wa redio ya jamii wote wana kazi ndani ya tatizo moja.

Jipe mwezi mmoja wa kufanya hivi. Pakua ripoti ya utafiti inayohusu jambo lako kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu na usome majedwali ya mkoa wako, si muhtasari peke yake. Soma sehemu ya halmashauri yako kwenye ripoti ya Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali. Humo utaona vifaa vilivyonunuliwa visitumike na majengo yaliyokwama kwenye msingi. Kisha nenda kaongee na watu wawili wanaoishi na tatizo hilo kila siku: muuguzi wa zahanati, mwalimu wa darasa la kwanza, karani wa mahakama ya mwanzo, yeyote. Waulize kitu gani kinawakwamisha kila wiki. Mwisho andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi: tatizo ni lipi, linampata nani, nini kimejaribiwa, nini kinakosekana. Ukurasa huo utautumia kwenye barua za maombi, kwenye usaili, na wewe mwenyewe kila utakapoyumba.

Usitafute tatizo la maisha yako yote. Unatafuta la kuanzia.

Hatua ya pili: jifunze kutofautisha kinachofaa na kinachopendeza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nia njema nyingi hupotea.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti walifanya majaribio kwenye shule za msingi za Busia, magharibi mwa Kenya. Moja lilikuwa kugawa vitabu vya kiada. Nani angepinga vitabu? Lakini matokeo ya wanafunzi kwa wastani hayakupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa wanaongoza tangu mwanzo, kwa kuwa vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa kule ni lugha ya tatu. Jaribio jingine, kwenye shule 75, lilikuwa kuwapa watoto dawa za minyoo. Utoro ulipungua kwa takriban robo, kwa gharama ndogo sana. Wanazuoni wamebishana baadaye juu ya namna takwimu zile zilivyochambuliwa, na ubishi huo ni wa afya. Michael Kremer, mmoja wa waliofanya kazi ile, alipata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa utaratibu huu wa kupima badala ya kudhani.

Kwetu kuna KiuFunza, jaribio lililofanyika 2013 na 2014 kwenye shule za msingi 350. Shule zingine zilipelekewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, zingine walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayejua kusoma na kuhesabu, na zingine zikapata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuongeza kujifunza. Zilipounganishwa ruzuku na bonasi, watoto walijifunza zaidi, kuliko hata ukijumlisha faida za kila moja ikiwa peke yake. Fikiri ni harambee ngapi zimechangisha fedha za shule bila mtu kuuliza mwalimu atazitumiaje na kwa nini ahangaike.

Na mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa wodi za wazazi. Kwenye hospitali na vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, mradi wa Safer Births ulioongozwa na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom uliwapa wakunga mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, kwa mwanasesere wa mafunzo na vifaa vya kupima mapigo ya moyo wa mtoto tumboni. Hakuna hoteli, hakuna semina ya siku tano yenye mabegi na kalamu. Matokeo yaliyochapishwa 2025, yakihusu akina mama wapatao 300,000, yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikipungua kwa takriban asilimia 40. Mkunga yuleyule, wodi ileile. Kilichobadilika ni mikono iliyozoea kumsaidia mtoto kupumua kwa sababu iliyafanya mazoezi juma lililopita.

Kwa hiyo kila unapoona tangazo la kazi, kabla ya kuangalia mshahara, jiulize: shirika hili linajuaje kwamba linachofanya kinasaidia? Uliza hata kwenye usaili, kwa heshima: "Naomba kufahamu, mmewahi kuacha shughuli fulani baada ya kuona haileti matokeo?" Mahali pazuri watakupa mfano. Mahali pengine watakuonyesha idadi ya semina na picha za makabidhiano ya mfano wa hundi. Si lazima ukatae kazi hiyo, kodi ya chumba inadai, lakini ingia ukijua.

Hatua ya tatu: pata ujuzi unaoshikika

Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kwa wenzake. Sehemu inayonukuliwa kila siku ni ya mwisho, kwamba asiporudi ni msaliti. Mimi naomba usome sehemu ya kati. Alilishwa ili apate nguvu, na nguvu hizo ndizo kazi yako ya miaka miwili ya kwanza. Watu hawasaidiwi na huruma ya mtu asiyejua kufanya kitu.

Ujuzi gani? Jibu linategemea tatizo ulilochagua, lakini kuna aina kadhaa ambazo karibu kila mahali ni adimu. Uhasibu na manunuzi: miradi mingi hukwama kwa sababu karatasi za manunuzi zimekosewa, na mhasibu mwadilifu wa halmashauri anaokoa zaidi ya anavyosifiwa. Ugavi wa dawa, yaani kujua kuagiza kwa wakati ili dawa isiishe wala isioze stoo. Ufundi wa vifaa tiba, kwa maana mashine nyingi za oksijeni zinazokaa pembeni zimefunikwa shuka zingefanya kazi kama angepatikana fundi na kipuri. Uandishi wa ripoti fupi inayosomeka. Na takwimu.

Nieleze takwimu kidogo, maana ndiyo mlango niliopitia mimi na bado uko wazi kwa mhitimu wa fani yoyote. Anza kuwa mdadisi, yaani yule anayetembea na tableti kijijini kudodosa kaya. Malipo ni ya siku, kazi ni ya wiki chache, jua ni kali. Lakini hakuna chuo kitakachokufundisha kama kazi hiyo. Dodoso linasema: "Je, kaya hii ina chandarua?" Mama anajibu ndiyo. Unaweza kubofya "ndiyo" ukaendelea. Ukiomba kukiona, anakupeleka chumbani na unakikuta kiko ndani ya mfuko wake wa plastiki, hakijafunguliwa, juu ya sanduku. Ukiuliza kwa nini, anakuambia kitanda ni kimoja, cha wazee, watoto wanalala sebuleni kwenye mkeka na hakuna pa kukifunga. Ofisini Dar es Salaam kaya hiyo ingehesabiwa kuwa imekingwa na malaria. Ukishaona jambo kama hilo kwa macho yako, hutasoma tena jedwali bila kuuliza nani alikwenda chumbani.

Kutoka hapo panda ngazi: jifunze kutengeneza dodoso kwenye KoboToolbox, ambayo ni bure, jifunze Excel hadi uwe mtu ambaye wenzako wanamwita wakikwama, kisha Stata au R, programu za kuchambua takwimu. Ukiwa upande wa afya, jifunze DHIS2, mfumo ambao taarifa za vituo vya afya vya nchi hii huingizwa. Saa moja kila jioni kwa mwaka mmoja inatosha kukufanya mtu mwingine kabisa sokoni.

Na usidharau lugha. Anayeweza kukaa na wanakijiji akauliza swali gumu kwa Kiswahili chenye adabu, au kwa Kisukuma au Kimaasai chake cha nyumbani, kisha akaliandika jibu lao kwa Kiingereza safi bila kulipotosha, ana kitu ambacho mtaalamu mgeni hawezi kukinunua.

Hatua ya nne: milango ya kuingilia

Mlango mkubwa kuliko yote ni Serikali, na ndio ambao vijana wenye nia ya kusaidia jamii huuruka. Zahanati, shule, ofisi ya kata, ndiko watu wanakokwenda. Afisa ugani mmoja anayetembelea wakulima kweli, au afisa ustawi wa jamii anayefuatilia shauri la mtoto hadi mwisho, anagusa maisha mengi kuliko warsha kumi. Fungua akaunti kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hata kama huna haraka, pakia vyeti vyako vikiwa vimethibitishwa na mwanasheria, na hakikisha majina yanalingana kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha chuo. Tofauti ya herufi moja imewaangusha wengi.  Usaili wa mchujo huandikwa, kwa hiyo jiandae kama mtihani: sheria ya utumishi wa umma, muundo wa serikali za mitaa, na maswali ya fani yako. Kisha kubali kupangiwa mbali. Wilaya ya pembezoni itakupa majukumu ambayo mjini ungeyasubiri miaka.

Mlango wa pili ni taasisi za utafiti. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza mwaka 1956 kama maabara ndogo ya Waswisi bondeni Kilombero, ilishiriki majaribio ya chanjo za malaria kupitia kituo chake cha Bagamoyo. NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ina vituo mikoani. Morogoro, ndani ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), shirika la APOPO linafundisha panyabuku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Sehemu hizi huajiri wadadisi, wasaidizi wa maabara, watunza kumbukumbu na madereva, na wengi wa wanaopanda huanzia hapo.

Usiifungie biashara nje. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, na mwaka uliofuata kufika kwetu, ilikuwa bidhaa ya kampuni ya simu. Utafiti uliochapishwa 2016 ulikadiria kwamba huduma za fedha kwa simu zilizitoa kaya 194,000 za Kenya kwenye umaskini uliokithiri, na waliofaidika zaidi walikuwa kaya zinazoongozwa na wanawake. Kiwanda kinachoongeza virutubishi kwenye unga kwa uaminifu ni kazi ya lishe, hata kama mwenyewe anaiita biashara.

Sasa kujitolea. Kujitolea ni kuzuri kukiwa na mipaka, na ni unyonyaji kukikosa. Kabla ya kukubali, omba barua inayotaja mambo manne: utafanya nini, nani atakusimamia, nauli na chakula nani analipa, na mwisho ni tarehe gani. Miezi mitatu hadi sita inatosha kujifunza na kujulikana. Ukifika mwaka wa pili unafanya kazi ya mwajiriwa bila malipo, unamsaidia mwajiri asiajiri. TaESA, chombo cha Serikali cha huduma za ajira, huratibu mafunzo kazini kwa wahitimu. Jisajili huko, utakuwa na utaratibu unaoeleweka.

CV yako iseme ulichofanya. Linganisha sentensi hizi mbili:

"Nilishiriki katika shughuli za ukusanyaji wa data kwenye mradi wa afya."

"Nilidodosa kaya katika kata mbili za Kilosa kwa KoboToolbox, na kila jioni nilipitia madodoso ya wenzangu kutafuta makosa kabla hayajatumwa."

Ya pili inaajiriwa. Ya kwanza inafanana na nyingine mia mezani. Na kabla ya kuandika jina la mdhamini, mpigie kwanza, mkumbushe ulifanya kazi gani chini yake, mtumie tangazo la kazi unayoomba. Mwalimu wako wa chuo ana mamia ya wanafunzi, msaidie akukumbuke.

Matapeli wapo. Mwajiri wa kweli hakuombi hela ya fomu, ya sare wala ya "mafunzo elekezi". Na anayekutaka kimwili ili akupe kazi anafanya kosa la jinai: rushwa ya ngono imetajwa kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Tunza ujumbe aliokuandikia, mwambie mtu unayemwamini, piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, ni bure. Ndugu zangu wa kike na wa kiume, hakuna kazi ya kusaidia watu inayoanzia hapo.

Hatua ya tano: pesa, mkataba na sahihi yako

Watu wema hukosa uwezo wa kufanya wema kwa sababu ya madeni. Tuseme umepata mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 kwenye shirika binafsi, na ulisoma kwa bumu, yaani mkopo wa Bodi ya Mikopo. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, itachukua 80,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 Tanzania Bara, ni 60,000. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 120,000. Unabaki na 540,000. Ukisaini mkataba ukiwa umepanga maisha ya laki nane, mwezi wa pili utakuwa unakopa kwenye simu, na mwezi wa sita utakubali kazi yoyote na agizo lolote.

Ishi chini ya hicho unachobakiwa nacho hadi uwe na akiba ya miezi mitatu. Akiba hiyo ndiyo itakayokuruhusu kusema hapana.

Nyumbani watakutegemea. Sitakuambia uwafungie mlango. Mama aliyeuza ng'ombe ukasome ana haki, na kumlipia mdogo wako ada ni wema ulio kamili kama mwingine wowote. Ila pangeni kiasi, kitamkwe mapema, kitumwe tarehe ileile kila mwezi. Kiasi kidogo kinachotabirika kinawasaidia kuliko kikubwa cha kushtukiza, na kinakuepusha na lawama za kila simu.

Mkataba usome wote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa haki ya maelezo ya ajira kwa maandishi, na likizo ya siku 28. Angalia unaisha lini, na nini kinatokea mradi ukifungwa kabla ya muda. Kila baada ya miezi michache hakiki NSSF kama michango yako inafika kweli, kwa kuwa kuna waajiri wanaokata na wasipeleke.

Kisha sahihi. Mapema sana kwenye kazi hizi utapewa fomu ya mahudhurio ya semina ya siku tano iliyofanyika siku tatu, na utaombwa kusaini siku zote tano. Posho ya siku mbili itakuwa mkononi mwako, na wakubwa wako wote watakuwa wameshasaini juu yako. Jiandae kabla siku hiyo haijafika. Weka daftari dogo, andika kila siku ulikuwa wapi na ulifanya nini. Saini siku ulizokuwepo tu, na useme kwa upole bila hotuba: "Naomba nisaini siku tatu, ndizo nilizohudhuria." Usiwahubirie wenzako. Wengine watakununia kwa muda. Hela hizo zilikatwa kwenye fungu la dawa au la mafuta ya gari la wagonjwa, na mkaguzi akija miaka miwili baadaye, jina lako litakuwa mahali salama. Ukiona ofisi nzima inaishi kwa fomu hizo, anza kutafuta pengine ukiwa bado na kazi.

Hatua ya sita: kila Desemba, kaa chini

Chukua ule ukurasa wako mmoja na uusome upya. Je, mwaka huu umejifunza kufanya kitu ambacho mwaka jana hukukiweza? Kuna mtu gani, kwa jina, ambaye mambo yake yamekuwa nafuu kwa sababu ya kazi yenu? Na bosi wako ni mtu unayejifunza kwake? Majibu mawili yakiwa hapana kwa miaka miwili mfululizo, hama. Hama kwa adabu: toa notisi, kabidhi mafaili, eleza mahali dawa au data zilipo. Sekta hizi ni ndogo, aliyekuona ukiondoka leo utamkuta kwenye meza ya usaili kesho.

Shahada ya uzamili isiwe kimbilio la kukosa ajira. Ukiisoma mara tu baada ya ya kwanza utatoka na deni jingine na CV ileile. Isome ukiwa na swali ambalo kazi imekupa na hukuweza kulijibu, mathalani kwa nini akina mama wa kata fulani hawarudi kliniki baada ya hudhurio la kwanza. Ufadhili mwingi mzuri nao unadai uzoefu: Chevening ya Uingereza inataka saa 2,800 za kazi, ambazo ni kama miaka miwili, na inakutaka urudi nchini kwako kwa miaka miwili baada ya masomo. Barua ya mwombaji anayelijua swali lake huonekana tangu aya ya kwanza. Kama la kwako bado hujalipata, ahirisha fomu hadi msimu ujao, uendelee kudodosa.